Dawa za mama zinakatika kabla ya mwezi kuisha: tufanyeje?

SWALI: Shikamoo daktari. Naandika kutoka kijiji cha mwambao, wilaya ya Uvinza, Kigoma. Mama yangu ana miaka 64, ana presha na kisukari. Anatumia amlodipini na losartani za presha, metformini ya sukari, na mwezi uliopita huko mjini wamemwanzishia sindano za insulini, asubuhi na jioni. Zahanati yetu leo dawa zipo, kesho hazipo. Kwenda mjini ni boti, nauli na kulala kwa watu. Vidonge vikikaribia kwisha anavikata nusu, akijisikia nafuu anaacha kabisa. Friji hatuna, na baba anasema sindano ndiyo mwisho wa mtu. Sisi ni watu wa dagaa, hela ikija inakuja, isipokuja ndiyo basi. Tufanyeje? Binti wa mwambao.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nitaanzia mwisho wa barua yako, pale kwenye hela ya dagaa, kwa sababu ukishapaelewa hapo mengine yote yatakuwa mepesi kidogo. Mama yako akifika kliniki kwa kuchelewa huandikwa mtoro, anasemwa mbele za watu, kisha anaambiwa "usirudie". Hakuna anayemuuliza mwezi ulikuwa wapi angani siku aliyotakiwa kuja.

Wewe unajua kuliko mimi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa ndiyo inayowavuta. Mwezi ukipevuka maji yote yanang'aa, taa inakosa kazi, mitumbwi inapandishwa mchangani na nyumba inakula akiba. Kwa hiyo kila mwezi mna majuma ya hela na majuma ya ukame. Kliniki nayo inahesabu siku zake 28 au 30, wakati mwezi wa angani una siku 29 na nusu. Tarehe iliyoangukia kwenye giza leo itasogea kidogo kidogo mpaka, kadiri mwaka unavyokwenda, iangukie katikati ya mbalamwezi, mfukoni hakuna kitu na boti inataka nauli. Hapo ndipo kisu kinapotoka kukata vidonge. Ongeza na miezi ya kufunga Ziwa Tanganyika lisivuliwe: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari inatakiwa kuingia kwenye kipindi cha namna hiyo dawa zikiwa tayari kabatini.

Basi kazi ya kwanza ni kuitoa dawa kwenye kalenda ya kliniki na kuiweka kwenye kalenda yenu. Dawa inunuliwe au ifuatwe kwenye giza, siku za mwanzo hela inapoingia, kabla haijagusa mchele wala ada ya mtu, hata kama kopo bado lina vidonge vya majuma mawili. Lengo ni kuwa na akiba ya mwezi mmoja mbele ya mahitaji. Haijengwi kwa siku moja. Kila safari ongezeni vidonge vya siku tano, saba, mpaka mfike. Anza na vya bei nafuu. Katika dawa za mama yako, amlodipini na metformini kwa kawaida haziumizi mfuko kama insulini na vipimo vyake. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye pakiti, na kile cha zamani kiliwe kwanza.

Sasa nenda nalo hili kwa daktari wa kliniki. Mtu mwenye VVU aliyetulia kwenye dawa hupewa za miezi mitatu, wengine hata sita, na nchi yetu imefanya hivyo kwa miaka bila dunia kuanguka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa presha wa 2021, linasema mgonjwa ambaye presha yake imeshatulia anaweza kuonwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Wa kila mwezi ni yule ambaye bado anatafutiwa dozi. Lakini wagonjwa wetu wa presha wengi bado wanapewa za mwezi, wengine za majuma mawili, eti wasipotee. Mimi naona tunawapoteza kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo mama presha yake ikishatulia, semeni wazi: "Daktari, tunatoka mwambaoni kwa boti, tunaomba dawa za miezi mitatu." Nenda na daftari la vipimo vya nyumbani. Daktari akiona namba zimetulia anakuwa na sababu ya kukubali. Kwa insulini huenda asikubali haraka, na yuko sahihi, maana ndiyo kwanza imeanza na dozi itabidi isogezwe.

Kuhusu zahanati yenu, usikimbilie kumlaumu mganga. Katika orodha ya taifa ya dawa muhimu kila dawa imepangiwa ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa. Dawa iliyopangwa ngazi ya juu haitakiwi kuwa kwenye rafu ya zahanati hata mganga awe hodari namna gani. Kwa hiyo muulize daktari wa mjini swali ambalo wagonjwa hawaulizi: "Kati ya dawa hizi, ipi inapatikana ngazi ya zahanati au kituo cha afya, na kama ipo isiyopatikana, kuna ndugu yake inayoweza kumfaa mama?" Wakati mwingine jibu ni hapana, hasa losartani, ambayo mwenye kisukari hupewa pia kwa ajili ya kulinda figo. Lakini mara nyingi nimeona karatasi ya dawa nne ikiandikwa upya, dawa tatu zikapatikana kwa mwendo wa mguu na moja tu ikabaki ya kufuata mjini.

Kwa zile ambazo zahanati inatakiwa kuwa nazo lakini hazipo, kuna jambo wanakijiji wengi hawaambiwi. Zahanati huagiza Bohari ya Dawa kwa kuangalia matumizi yaliyopita. Mgonjwa anayefika, akaambiwa "hakuna", akageuza bila kuandikwa popote, hahesabiwi; agizo linalofuata linakuja dogo vile vile. Mama aandikishwe kwenye rejista ya magonjwa sugu, na kila anapokosa dawa, mwombeni mganga aandike kwamba amekosa. Na kama bohari yenyewe haina, zahanati inaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi wa dawa aliyeidhinishwa, kwa fedha zake yenyewe, ikifuata utaratibu. Anayeamua vipaumbele vya fedha hizo ni kamati ya usimamizi ya zahanati, na humo mna wajumbe wanaotoka kijijini kwenu. Wagonjwa wa presha na sukari mkiwa kumi mkaenda kwenye kamati na majina na dozi zenu, mnakuwa na agizo. Mtu mmoja akienda peke yake anaonekana analalamika.

Upande wa fedha nitasema kwa kifupi. Sera yetu inatoa msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na mama ana 64. Utambuzi unaanzia serikali ya kijiji, kwa hiyo mwoneni mtendaji. Hospitalini kuna ofisi ya ustawi wa jamii, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Msamaha lakini hauleti dawa kwenye rafu tupu, ndiyo maana nimeanza na yale ya juu. Kuhusu bima, kaya ya watu hadi sita kwa miaka kadhaa ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka kwenye CHF iliyoboreshwa, ule Mfuko wa Afya ya Jamii. Mambo yanabadilika chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa 2023, kwa hiyo muulizeni mtendaji huyo huyo utaratibu na kiwango cha sasa, na mlipe kwenye giza.

Nije kwenye tabia ya kuacha akijisikia nafuu. Mama si mkaidi. Amlodipini inakaa mwilini siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo akiacha Jumatatu, Jumanne yuko salama, Jumatano yuko salama, na anakata shauri kwamba alikuwa anameza bure. Presha inapanda taratibu baadaye, na kwa walio wengi inapanda kimya, kichwa hakiumi wala moyo haudundi. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta karibu robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Wengi wao wangekuapia kwamba ni wazima. Njia pekee ya kumuonyesha ni namba. Mpime leo anapomeza vizuri, muandike. Akilegea tena, mpime baada ya juma moja, msome wote wawili.

Mashine ya presha ya kufunga kwenye mkono wa juu, si ile ya kwenye kifundo cha mkono karibu na kiganja, mnaweza kuichangia kaya tano kupitia kikundi chenu cha akina mama. Akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, kitambaa kifungwe kwenye ngozi na si juu ya gauni, na asiongee. Akina mama hili la kutoongea linawashinda kabisa! Namba zikizidi 140 kwa 90 mara kwa mara, dozi haitoshi au haimezwi.

Kukata nusu kuna matatizo yake. Nusu dozi huenda isishushe kitu, halafu kliniki wakimpima wanadhani dozi nzima imeshindwa na wanamuongezea dawa nyingine. Metformini zile za kuachia dawa polepole hazikatwi wala kusagwa. Lakini kama imefika siku ambayo ni nusu au hakuna, afadhali aseme ukweli kliniki kwamba alikuwa anameza nusu, na asiogope kukaripiwa.

Insulini ndiyo iliyokutia hofu, na hapa nina habari nzuri. Chupa ambayo haijafunguliwa ndiyo inayotaka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ile inayotumika inakaa nje, mahali pa ubaridi, hadi majuma manne. Na kuna utafiti uliochapishwa 2021: walipima joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, mahali penye joto kuliko kwenu, wakakuta nyuzi 25 hadi 37, kisha wakaiweka insulini maabara kwenye joto hilo hilo kwa majuma manne na nguvu yake haikupungua. Kwa hiyo chukueni chupa moja moja ya kutumia, nyingine iombewe nafasi kwenye friji ya chanjo ya zahanati, mganga akiridhia, au kwa jirani mwenye sola na friji.

Nyumbani tumieni chungu. Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine, katikati jaza mchanga wa ziwani, umwagie maji asubuhi na jioni. Chupa itiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, iwekwe chungu cha ndani, juu funika kwa kitambaa kibichi, na chungu kikae kivulini penye upepo. Kinachoua insulini haraka kuliko joto ni kuganda. Nimeshaletewa chupa iliyosafirishwa ndani ya kreti ya migebuka, imelala juu ya barafu tangu mjini. Ilionekana nzuri kwa macho, lakini ikishaganda hata ikayeyuka haifai tena. Ikisafirishwa na barafu, izungushiwe taulo isiguse barafu yenyewe. Isikae juani kwenye boti wala karibu na injini. Mama akiwa anatumia ile yenye rangi ya maziwa, aizungushe polepole kati ya viganja mpaka ichanganyike, asiitikise. Ikiwa na vipande vinavyoelea au ukungu ulioganda kwenye kioo cha chupa, itupwe.

Sindano iwe ya insulini yenye vipimo vyake, ya mama peke yake, na sehemu ya kuchoma ibadilishwe, leo tumbo upande huu, kesho ule. Halafu, jambo kubwa: asichome insulini kisha akaenda kuanika dagaa kabla ya kula. Najua asubuhi ya giza ilivyo, mitumbwi imefika, kila mkono unahitajika mchangani. Ale kwanza. Insulini ikikutana na tumbo tupu na kazi ya jua, sukari inaporomoka: anatetemeka, jasho la baridi, moyo unakimbia, anaongea ovyo au anakuwa mkali bila sababu. Mkipima ikawa chini ya 4 (mmol/L), au hata kama stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, hazipo na dalili ni hizo, mpeni vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Pimeni tena baada ya robo saa, mrudie kama bado, kisha ale. Kwenye pindo la kanga yake kuwe na sukari imefungwa siku zote. Kama nyumba yenu mnafunga Ramadhani, mtu wa insulini mara mbili kwa siku aongee na daktari mwezi mmoja kabla, na asione haya kutofunga. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Stripu ni ghali, msizichezee. Kama mna chache, pimeni asubuhi kabla ya kula siku mbili tatu kwa juma, na wakati wowote anapojisikia vibaya. Muulizeni daktari namba anayoitaka kwa umri wa mama, kwa sababu kwa mzee anayetumia insulini wengi hatung'ang'anii ishuke sana.

Mpe baba salamu zangu. Ameona kweli alichokiona: watu wanaanzishwa sindano, wanakufa. Lakini wengi wao wanaanzishwa wakiwa tayari na kidonda kilichooza au figo zimekwisha, baada ya miaka ya kukwepa sindano hiyo hiyo. Kwenye kisukari cha ukubwani kongosho, linalotengeneza insulini ya mwili wenyewe, huchoka kadiri miaka inavyokwenda, vidonge peke yake vinashindwa, na insulini inaziba pengo. Na yule wa dawa za asili anayeahidi kuponya kisukari ndani ya mwezi, sitagombana naye. Ila mama asiache hata dozi moja kwa ajili yake, na hicho anachokunywa akitaje kliniki, kwa sababu figo zake zinalindwa na zinaweza kuharibiwa na mizizi zisizoijua.

Chakula sitakuandikia ratiba, nina hakika mlishapewa karatasi yenye mikate ya ngano nyeusi na maziwa ya mtindi usio na mafuta, vitu ambavyo hata mimi sivinunui. Ugali wa muhogo ale, ila upungue uwe ngumi moja, na sahani ijae mboga za majani, maharage na dagaa. Dagaa mkavu wa mchangani ni mzuri kuliko samaki wa chumvi. Chumvi ya Uvinza iko jirani na ni rahisi, mkono unaponyoka. Kwa siku nzima, pamoja na iliyo ndani ya mchuzi, isizidi kijiko kimoja cha chai. Mawese yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa, maana karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya kwenye damu. Chai isiyo na sukari atazoea.

Mkienda mjini safari ijayo, kazi zote zifanywe kwa nauli moja: presha, sukari, damu ya kuangalia figo na potasiamu, mkojo kuangalia protini, macho yaangaliwe kwa ndani, miguu. Mengine yanaweza kusubiri mwaka, nyumbani lakini miguu itazamwe kila usiku, katikati ya vidole na chini ya unyayo, na wewe kwa sababu macho yake huenda hayaoni na ganzi haimwambii. Asikanyage mchanga wa mchana bila viatu na asiote moto miguu. Nimeona lengelenge la jioni moja likawa kidonda cha miezi.

Akiharisha na kutapika sana, na mwambao wenu unakijua kipindupindu, asiendelee na losartani na metformini huku mwili unakauka. Apewe maji ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, na apelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Insulini asiiache mwenyewe kabisa, wamuelekeze dozi huko.

Ikitokea mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno hayatoki ghafla, mpimeni sukari kwanza kama mna kipimo, kwa sababu sukari ikishuka sana inaiga kiharusi. Ikiwa chini na anaweza kumeza, mpeni sukari kama nilivyoeleza. Kama sukari haiko chini, msimpe kidonge cha presha cha ziada wala kumwekea chini ya ulimi ili "ishuke haraka". Kushusha ghafla kunanyima ubongo damu. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, alazwe ubavu, boti itafutwe usiku huo huo, na mtu mmoja apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, waelekezwe huku wakiendelea kusafiri. Nauli ya boti hiyo iwekwe pembeni kuanzia giza hili, iwe ndani ya daftari la vipimo, na kila mtu wa nyumbani ajue lilipo.